Simu Iliyokarabatiwa: Upya si Kipimo cha Ubora

Mavuno ya mpunga yanapokwisha katika bonde la Kilombero, kati ya Mei na Julai, fedha hupita katika mikono mingi kwa muda mfupi. Sehemu yake hulipa madeni ya pembejeo, sehemu hulipa ada za watoto, na sehemu hununua vyombo ambavyo familia imevingoja mwaka mzima. Miongoni mwa vyombo hivyo, simu ya mkononi sasa imo katika safu ya mbele. Mjini Ifakara, kuanzia kata ya Mlabani hadi sokoni, mkulima huihitaji kuulizia bei ya mchele, mwalimu huitumia kutafuta maelezo ya somo, mwanafunzi huitumia kutazama matokeo ya mitihani, na karibu kila mtu huitumia kutuma na kupokea fedha.

Mnunuzi hukabiliwa na swali lisilo jepesi. Je, anunue simu mpya ya bei nafuu, iliyofungwa ndani ya boksi lake, au anunue simu ya daraja la juu zaidi iliyotumika ng'ambo kwa miaka miwili au mitatu, ikakarabatiwa na kuuzwa tena? Wengi hujibu upesi. Wapo wasemao kwamba kilichotumika ni makapi ya watu wengine. Wapo pia wasemao kwamba kupata simu yenye jina kubwa kwa bei ndogo ni bahati isiyofaa kuachwa. Majibu yote mawili yana kasoro moja: hayakupima kitu chochote. Ukweli ni kwamba simu iliyokarabatiwa yaweza kuwa chaguo jema, na aghalabu ni bora kuliko simu mpya iliyo hafifu, lakini kwa sharti moja: hali yake iwe imepimwa, na kipimo hicho kiwe kimeandikwa na muuzaji. Pasipo sharti hilo, mnunuzi hanunui simu bali hucheza bahati nasibu.

Aina tatu zinazochanganywa

Kabla ya kuendelea, yafaa kutenganisha vitu vitatu ambavyo sokoni huchanganywa kila siku.

Kwanza ni simu bandia. Hii ni simu iliyotengenezwa kwa kuiga jina na sura ya kampuni nyingine. Kwa kawaida huuzwa kama kitu kipya, tena katika boksi linalong'aa.

Pili ni simu ya mtumba. Hii ni simu halisi iliyotumika na mtu mwingine, ikauzwa kama ilivyo. Muuzaji huifuta vumbi, huweka kasha jipya, na huitia sokoni. Hali ya ndani haijulikani kwake wala kwa mnunuzi.

Tatu ni simu iliyokarabatiwa. Hii nayo ilitumika, lakini baada ya kurudishwa ilikaguliwa na fundi, sehemu zilizochakaa zikabadilishwa, taarifa za mwenyewe wa kwanza zikafutwa, ikajaribiwa, na ikauzwa kwa dhamana ya muda maalumu. Tofauti kati ya aina ya pili na ya tatu haionekani kwa macho. Inaonekana katika kazi iliyofanywa na katika ushahidi wa kazi hiyo. Kwa bahati mbaya, neno "iliyokarabatiwa" ni rahisi kulitamka, na kazi yenyewe ni ngumu kuifanya. Hapo ndipo udanganyifu huanzia.

Funzo la Juni 2016

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi, kingawa kidonda. Methali hiyo ilithibitika nchini Tanzania tarehe 16 Juni 2016, siku ambayo Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) iliweka kuwa mwisho wa matumizi ya simu bandia katika mitandao yote ya nchi. Kenya ilikuwa imetangulia kuchukua hatua kama hiyo mwishoni mwa Septemba 2012.

Njia iliyotumika ilikuwa ya hesabu, wala haikumtaka mtu kuzifungua simu. Kila simu halali hupewa na mtengenezaji namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, iitwayo IMEI. Namba hiyo huonekana kwenye kioo pale mtu anapobonyeza *#06#, na mtandao huisoma kila simu inapojiunga nao. Simu bandia nyingi hazikuwa na namba ya kweli. Nyingine zilikuwa na namba ya kubuni, na nyingine zilichangia namba moja na maelfu ya wenzake. Mitambo iliyalinganisha hayo na orodha ya namba halali, na simu zilizoshindwa zikanyamaza.

Jambo la kuzingatia ni hili: utaratibu ule haukuuliza umri wa simu, bali uhalali wake. Mtu aliyenunua simu bandia ikiwa mpya dukani alipoteza fedha zake, ilhali jirani yake mwenye simu halisi ya mtumba aliendelea kuzungumza. Boksi lililofungwa halikuwa ushahidi wa kitu chochote.

Wanafunzi wa hisabati wanaweza kujionea wenyewe jinsi namba hii inavyojilinda. Tarakimu ya 15 haiwekwi ovyo. Hupatikana kutokana na zile 14 za mwanzo kwa kanuni ya Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM aliyeibuni katika miaka ya 1950. Chukua mfano wa 49015420323751. Zidisha kwa 2 kila tarakimu iliyo katika nafasi ya pili, ya nne, ya sita, na kuendelea hivyo hadi ya 14. Kisha jumlisha tarakimu zote, na jibu lolote lenye tarakimu mbili, kama 18, lihesabiwe kuwa 1 na 8. Jumla itakuwa 52. Ili kufikia kumi inayofuata, yaani 60, inapungua 8. Kwa hiyo tarakimu ya 15 lazima iwe 8. Simu yenye tarakimu nyingine mahali hapo ina namba ya uongo.

Hata hivyo, mwanafunzi asidhani kwamba namba iliyopita jaribio hili ni lazima iwe ya kweli, kwa maana mwizi aweza kunakili namba halali nzima nzima. Jaribio hili hukanusha, halithibitishi. Kutofautisha mambo hayo mawili ni nusu ya elimu ya sayansi.

Chandarua kilichofundisha bonde zima

Wakazi wa Kilombero hawakuwa na haja ya kungoja simu ili wajifunze kwamba upya na ubora ni vitu viwili. Somo hilo walikwisha kulipata kwa vyandarua.

Kuanzia mwaka 1996, kituo cha utafiti cha Ifakara, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, kiliendesha katika wilaya za Kilombero na Ulanga mradi uliojulikana kwa jina la KINET. Vyandarua viliuzwa kwa wananchi pamoja na dawa ya kuua mbu, na watafiti wakafuatilia afya ya watoto. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba matumizi ya vyandarua vilivyotiwa dawa yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 katika kunusurika kwa watoto wenye umri wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne.

Vyandarua vya wakati ule havikudumu na dawa yake kama vya leo. Baada ya kufuliwa mara kadhaa, dawa ilipungua, na chandarua kilipaswa kuchovywa tena. Chandarua cha zamani kilichochovywa upya kilifanya kazi ambayo kipya kisicho na dawa hakikuweza kuifanya. Thamani ya chandarua haikuwa katika weupe wake. Ilikuwa katika dawa iliyobaki kwenye nyuzi, na dawa hiyo haionekani kwa macho.

Simu nayo ina "dawa" yake isiyoonekana. Ipo katika mambo mawili: betri na programu. Anayenunua simu iliyokarabatiwa bila kuuliza juu ya mambo hayo ni sawa na anayenunua chandarua kwa kutazama rangi.

Betri: kiungo kinachozeeka

Karibu simu zote za leo hutumia betri ya lithiamu, iliyoingizwa sokoni kwa mara ya kwanza na kampuni ya Sony mwaka 1991. Umuhimu wake ulitambuliwa mwaka 2019, wakati John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Ndani yake mna tabaka mbili kuu: upande mmoja grafiti, yaani kaboni iliyo ndugu wa ile ya penseli, na upande wa pili oksidi ya metali, mara nyingi yenye kobalti. Betri inapochajiwa, ayoni za lithiamu huhama kutoka kwenye oksidi na kujipenyeza katika grafiti. Simu inapotumika, ayoni hizo hurudi zilikotoka, na elektroni hupita katika mzunguko wa nje zikifanya kazi.

Lau safari hiyo ingekuwa kamilifu, betri isingezeeka. Lakini kila mara kiasi kidogo cha lithiamu hunaswa katika utando mwembamba unaojengeka juu ya grafiti, wala hakirudi tena. Utando ukinenepa, ukinzani wa ndani huongezeka. Ndiyo maana simu yenye betri iliyochoka huweza kuzimika ghafla ilhali inaonyesha asilimia 25: chaji imo, lakini betri haiwezi kuitoa kwa kasi inayotakiwa.

Betri nyingi za simu zilizotengenezwa katika miaka iliyopita zilikusudiwa kubakiza takriban asilimia 80 ya uwezo wake wa awali baada ya mizunguko 500 ya kuchaji. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100. Kuchaji nusu mara mbili ni mzunguko mmoja. Basi simu inayomaliza mzunguko mmoja kila siku hufikisha 500 katika muda wa miezi 16 na nusu hivi. Katika miaka mitatu imepita mizunguko 1,000. Hesabu hii fupi inatosha kuonyesha kwamba simu ya miaka mitatu inayouzwa na betri yake ya kwanza, kama ilitumika hivyo, haijakarabatiwa, hata kama kioo chake kinang'aa kama maji.

Kwa Ifakara jambo hili ni zito zaidi kutokana na joto. Mji huu upo kwenye sakafu ya bonde, chini ya meta 300 kutoka usawa wa bahari. Katika kemia ipo kanuni ya makadirio isemayo kwamba mwendo wa mabadiliko mengi ya kikemia hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Utando ule wa grafiti nao hufuata mkondo huo. Watengenezaji wengi hushauri simu itumike mahali ambapo joto la hewa halizidi nyuzi 35 za Selsiasi. Simu iliyofungwa kwenye usukani wa bodaboda wakati wa jua la Novemba, au iliyoachwa juani ikichajiwa kwa paneli ya umeme wa jua, hupita kiwango hicho kwa urahisi. Kwa hiyo betri iliyokwisha chakaa katika nchi ya baridi huja kumalizia maisha yake katika nchi ya joto, na mwisho wake hufika mapema.

Hesabu ya mwezi

Watu wengi hulinganisha bei ya dukani peke yake. Kipimo kilicho sahihi zaidi ni gharama ya kila mwezi wa matumizi: bei, ukijumlisha matengenezo, kisha ugawanye kwa miezi ambayo simu itafanya kazi.

Mfano ufuatao ni wa darasani tu, na walimu wanaweza kuweka bei za dukani kwao. Simu mpya hafifu inauzwa kwa shilingi 300,000 na inatumika miezi 24. Gharama yake ni shilingi 12,500 kwa mwezi. Simu iliyokarabatiwa inauzwa kwa 240,000, inawekewa betri mpya kwa 40,000, na inatumika miezi 36. Jumla ni 280,000, na gharama ni takriban shilingi 7,800 kwa mwezi. Lakini kama simu hiyohiyo ya 240,000 itakufa baada ya miezi 12 kwa sababu hapana aliyeikagua, gharama itapanda hadi shilingi 20,000 kwa mwezi. Hapo methali ya "rahisi ghali" inakuwa imehesabiwa kwa tarakimu.

Katika mfano huu bei haikubadilika sana. Kilichobadilika ni muda wa kuishi. Basi anayeuza simu bila kusema lolote juu ya muda huo anaficha nusu ya bei.

Programu na maji

Dawa ya pili isiyoonekana ni programu. Mfumo endeshi wa simu huhitaji kurekebishwa mara kwa mara ili kuziba nyufa zinazogunduliwa na wezi wa mitandaoni. Mtengenezaji akiacha kutoa marekebisho, simu huendelea kuwaka, lakini milango yake hubaki wazi. Kadhalika programu maarufu huacha kukubali mifumo ya zamani. Kwa mfano, tangu Oktoba 2023 WhatsApp haifanyi kazi katika simu zenye Android iliyo chini ya toleo la 5.0.

Nchini Tanzania, ambako huduma za fedha kwa simu zilianza kuenea mwaka 2008, simu ni mkoba wa fedha. Ada ya mtoto, malipo ya mpunga, na akiba ya kikundi vyote hupita humo. Kwa sababu hiyo, tarehe ya marekebisho ya mwisho ya usalama, ambayo huonekana katika mipangilio ya simu nyingi, ni muhimu kuliko ubora wa kamera. Hapa pia upya si kinga: zipo simu mpya za bei ya chini zinazouzwa zikiwa na mfumo wa zamani ambao mtengenezaji hana nia ya kuurekebisha. Simu ya daraja la juu yenye umri wa miaka mitatu, kama bado inapata marekebisho, ni salama kuliko hiyo. Lakini simu iliyokwisha kuachwa na mtengenezaji wake isinunuliwe kwa kazi za fedha, hata ikiwa nusu bei.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji hulinyamazia. Simu nyingi za daraja la juu huzuia maji kwa gundi na mipira laini iliyobana maungio yake. Fundi anapoifungua ili abadilishe betri au kioo, kinga hiyo hukatika, na isiporudishwa kwa uangalifu simu hubaki ya kawaida. Katika bonde ambalo mvua za masika hufurika mashamba na njia, mnunuzi asiamini tangazo la mtengenezaji juu ya kuzuia maji. Tangazo lile lilihusu simu ambayo haijafunguliwa.

Hoja ya jalala

Wapinzani wa simu zilizotumika wana hoja moja yenye uzito. Husema kwamba nchi tajiri hutupa taka zake Afrika kwa jina la biashara. Hoja hii haifai kupuuzwa. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Simu inayofika ikiwa imebakiza miezi mitatu ya uhai ni taka iliyolipiwa nauli.

Mahali ambapo taka hiyo hutupwa nako kuna thamani. Bonde la Kilombero liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu muhimu chini ya Mkataba wa Ramsar, likiwa na eneo la karibu hekta 800,000. Maji yake huulisha mto Rufiji. Watu wengi bondeni huchota maji katika visima vifupi. Betri ya lithiamu ikitobolewa huweza kuwaka moto. Ikichomwa pamoja na takataka hutoa moshi wenye sumu. Ikizikwa, metali zake hubaki ardhini.

Hata hivyo, hoja hii ikifuatwa hadi mwisho haimwelekezi mtu kwenye simu mpya hafifu, kwa sababu nayo ni taka ya kesho. Kuna pia gharama iliyokwisha kulipwa kabla simu haijafika dukani. Sehemu kubwa ya hewa ukaa inayotokana na simu katika maisha yake yote, takriban robo tatu au zaidi, hutokea wakati wa kuitengeneza, wala si wakati wa kuichaji. Takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika eneo la Kolwezi, ambako wachimbaji wadogo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili, huingia mashimoni kwa hatari kubwa. Kuitupa simu nzima kwa sababu ya betri moja ni kuitupa kazi yao yote. Kuongeza miaka miwili ya matumizi ni kuiheshimu kazi hiyo.

Sheria za kimataifa zinatambua tofauti hii. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 hudhibiti usafirishaji wa taka za hatari kati ya nchi na nchi, na marekebisho yake yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 yameziweka taka zote za elektroniki chini ya utaratibu wa kuomba ridhaa ya nchi inayopokea. Basi mpaka kati ya bidhaa na taka ni kipimo. Kifaa kilichojaribiwa na kuthibitika kwamba kinafanya kazi ni bidhaa. Kisichojaribiwa hakistahili kupewa jina hilo.

Vipimo vya mnunuzi

Vipimo vifuatavyo havihitaji maabara. Mwalimu wa fizikia aweza kuvifanya kuwa zoezi la darasani kwa kutumia simu za zamani.

1. Bonyeza *#06# na ulinganishe namba ya IMEI na ile iliyo katika mipangilio ya simu na kwenye boksi. Fanya hesabu ya tarakimu ya 15, kisha uhakiki namba hiyo kwa kutuma ujumbe kwenda 15090, namba ambayo TCRA iliitangaza kwa kazi hiyo.

2. Tazama afya ya betri katika mipangilio, kama simu inaionyesha. Vinginevyo, ichaji hadi asilimia 100, ongeza mwanga wa kioo hadi mwisho, chezesha video kwa dakika 30, na uandike asilimia iliyobaki. Linganisha na simu nyingine ya aina hiyohiyo. Kushuka kwa kurukaruka, mathalani kutoka 60 hadi 45 kwa dakika moja, ni dalili ya betri iliyochoka.

3. Ifute simu na kuirudisha katika hali ya kiwandani mbele ya muuzaji. Ikiwaka na kudai akaunti ya mtu mwingine, usiinunue: huenda iliibwa, au mwenyewe wa kwanza hakuiachia.

4. Weka laini yako, piga simu, na ufungue intaneti. Simu nyingine zilizotoka ng'ambo zimefungwa zitumike katika mtandao wa kampuni moja tu.

5. Soma tarehe ya marekebisho ya mwisho ya usalama. Ikiwa imepita zaidi ya mwaka, uliza sababu.

6. Vuta kitako cha laini na uchungulie ndani. Katika simu nyingi kuna kibandiko kidogo cheupe kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji.

7. Dai risiti inayotaja IMEI, sehemu zilizobadilishwa, na muda wa dhamana. Muuzaji anayekataa kuandika amekwisha kujibu swali.

Naye anayeuza simu yake ya zamani ana wajibu wake: atoe laini, aondoe akaunti zake, na afute picha na taarifa zote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda haki za raia, lakini haiwezi kumlinda mtu aliyekabidhi siri zake kwa mkono wake mwenyewe.

Wajibu wa nchi

Haitoshi kumwachia mnunuzi mmoja mmoja mzigo huu wote. Mkulima wa Idete au Namawala aliyefika mjini kwa siku moja hawezi kugeuka fundi kabla ya basi kuondoka. Yapo mambo matatu ambayo vyombo vya umma vinaweza kuyafanya.

La kwanza ni kulipa neno "iliyokarabatiwa" maana moja. Shirika la Viwango (TBS) na Tume ya Ushindani ndivyo vyombo vinavyofaa kulisimamia jambo hili. Simu isiruhusiwe kuuzwa kwa jina hilo bila karatasi inayotaja uwezo wa betri kwa asilimia, sehemu zilizobadilishwa, mwaka wa mwisho wa marekebisho ya programu, na dhamana isiyopungua miezi sita. Umoja wa Ulaya umekwisha kuonyesha kwamba masharti ya namna hii yanawezekana: tangu tarehe 20 Juni 2025 simu mpya zinazoingizwa katika soko lake lazima ziwe na betri inayobakiza asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 800, na vipuri vyake viendelee kupatikana kwa miaka saba baada ya mauzo kukoma. Simu hizo zitafika Afrika Mashariki zikiwa zimetumika baada ya miaka michache. Nchi iliyojiandaa kuzipima itapata mali. Isiyojiandaa itapokea mabaki.

La pili ni mafundi. Mafundi simu wamejaa katika kila mji, na wengi wao walijifunza kwa kutazama. Vyuo vya VETA vikiwapa mafunzo mafupi na cheti, ukarabati utafanyika nchini, na faida ya kazi hiyo itabaki nchini badala ya kulipwa ng'ambo. Ifakara, mji wa baiskeli, unajua vema jinsi fundi mwaminifu anavyokiweka chombo barabarani kwa miaka 20. Ustadi wa aina hiyo hauna budi kuhamia katika simu.

La tatu ni betri zilizokufa. Kila duka linalouza simu liwe na sanduku la kupokea betri za zamani, na halmashauri, kwa uongozi wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), ziweke utaratibu wa kuzipeleka kwa wanaozirejeleza. Pasipo hilo, kila betri mpya inayookoa simu moja itaacha nyingine katika shimo la takataka.

Shule zina nafasi ya pekee katika shughuli hii. Betri ni somo la kemia, muda wake wa kuishi ni somo la hisabati, joto lake ni somo la fizikia, na mwisho wake ni somo la jiografia na mazingira. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeyaelewa hayo anaweza kwenda dukani pamoja na mzazi wake baada ya mavuno na kuokoa jasho la msimu mzima. Ataiuliza simu, iwe mpya au kuukuu, swali lilelile ambalo bonde hili lilikwisha kujifunza kukiuliza chandarua: je, bado inafanya kazi yake, na ni nani aliyepima?